Fungu, Shilingi na Barabara ya Kasanga: Lugha ya Mamlaka ya Fedha Bungeni

1. Utangulizi

Mji wa Sumbawanga, ulioko juu ya uwanda wa Ufipa, umeunganishwa na barabara mbili za lami ambazo zinastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa lugha kama zinavyochunguzwa na mhandisi. Ya kwanza inatoka Tunduma, mpakani mwa Zambia, inapita Ikana na Laela, na urefu wake ni takriban kilomita 224. Ya pili inatoka Sumbawanga, inapita Matai, kisha inateremka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 112. Barabara ya Tunduma ilijengwa kwa fedha zilizotokana hasa na idhini ya Kongresi ya Marekani mjini Washington. Barabara ya Kasanga ilijengwa kwa fedha zilizoidhinishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa hiyo mabunge mawili, moja la mbali na moja la nyumbani, yamekutana Sumbawanga kwa njia ya lami.

Mhadhara huu unajadili namna bunge linavyotumia mamlaka yake ya kutunga sheria na kuidhinisha matumizi. Hoja yake kuu ni kwamba mamlaka hayo hutekelezwa kwa maneno kabla ya kutekelezwa kwa fedha. Hakuna senti inayotoka Hazina kihalali pasipo sentensi iliyoandikwa, ikasomwa, ikakubaliwa na kutiwa saini. Kwa maana hiyo, maswali ambayo mwanaisimu huyauliza kuhusu sentensi yoyote yanafaa kuulizwa hapa pia. Ni nani mtenda? Kitenzi kina nguvu gani? Sentensi imetungwa kwa lugha gani, na nani anayeielewa? Mkazi wa Kasanga anayalipia majibu ya maswali hayo kwa kodi yake, na huyangoja majibu hayo kila anapopakia mahindi au dagaa kwenda sokoni.

2. Kasanga kabla ya kuwa na msemaji

Kasanga iliingia katika historia ya maandishi ya serikali kwa jina lisilo lake. Wajerumani walijenga boma hapo na kupaita Bismarckburg, kwa heshima ya chansela wao, na pakawa makao ya wilaya. Wenyeji wa ukanda huo, yaani Walungu, Wamambwe na Wafipa, walikuwa na tawala zao. Huko uwandani zilijulikana zaidi tawala mbili za Kifipa, Nkansi na Lyangalile. Lakini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 amri ya fedha ilitoka kwingine. Kodi ya nyumba iliwekwa na serikali ya Kijerumani kwa tangazo la mwaka 1897. Tangazo hilo lilikuwa na mtenda mmoja tu, naye ni gavana. Mlipaji kodi alitajwa kama mtendwa, wala hapakuwa na kikao chochote ambamo angeweza kuuliza kodi hiyo ingefanya kazi gani.

Mwezi Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, na baada ya vita jina la Kasanga likarudi. Hata hivyo, muundo wa sentensi ya fedha haukubadilika sana. Serikali ya Tanganyika iliendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wake wote waliteuliwa na gavana, na maofisa wa serikali ndio waliokuwa wengi. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake hadi mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Lugha ya Baraza ilikuwa Kiingereza. Mtu wa Kasanga alikuwa mbali na Baraza hilo kwa umbali wa aina mbili: umbali wa njia, ambao uliweza kupunguzwa kwa meli Liemba hadi Kigoma na reli hadi Dar es Salaam, na umbali wa lugha, ambao haukuwa na meli wala reli.

Uhuru wa mwaka 1961 na Jamhuri ya mwaka 1962 vilianza kuupunguza umbali huo wa pili. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa, Kiswahili kikawa lugha ya kawaida ya mijadala. Mwaka 1967 Serikali ikaagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge mwaka huohuo. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, Kiswahili kilikaribishwa katika mazungumzo ya Bunge mapema zaidi kuliko katika maandishi ya sheria zake.

3. Msamiati wa mfuko wa umma

Ni vyema kutazama kwanza maneno yenyewe, kwa kuwa msamiati wa fedha za umma katika Kiswahili umeundwa na tabaka mbalimbali za historia. Kutoka Kiarabu yamekuja hazina, yaani ghala la mali, sheria, ushuru, ambao asili yake ni sehemu ya kumi, muswada, wenye asili ya maandishi ya awali ambayo bado hayajasafishwa, na kasma, lenye maana ya mgawanyo. Kutoka Kiingereza limekuja neno bajeti, ambalo nalo Waingereza walilipata katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya mkoba mdogo wa ngozi. Katikati ya maneno hayo ya kigeni limekaa neno moja la Kibantu ambalo ndilo linalobeba mzigo mzima, nalo ni fungu.

Katika soko la samaki, fungu ni kiasi kilichotengwa mbele ya macho ya mnunuzi: fungu la dagaa, fungu la migebuka. Mnunuzi huliona na kulipima kwa macho. Akiona limepungua hudai liongezwe kabla hajatoa fedha. Bungeni, fungu ni kiasi cha fedha kilichotengewa wizara, idara au mkoa mmoja, nacho hupewa namba. Mkoa wa Rukwa ni Fungu 89, na Bunge lenyewe lina mfuko wake, Fungu 42. Neno ni lile lile, lakini uhusiano wa watu nalo umebadilika. Fungu la sokoni linaonekana. Fungu la Bungeni linasomwa. Asiyeweza kulisoma hana njia ya kulipima.

Kitenzi kinachofuatana na sheria nacho kina historia. Kiswahili kinasema kutunga sheria, kama kinavyosema kutunga shanga na kutunga shairi. Anayetunga huchukua vitu vilivyotawanyika akavipitisha katika uzi mmoja kwa mpangilio unaokubalika. Lakini kuhusu matumizi ya fedha hatusemi kwamba Bunge linatunga, tunasema linaidhinisha. Tofauti hiyo ya vitenzi si ya bahati nasibu. Anayetunga huanza mwenyewe, ilhali anayeidhinisha hujibu kile kilichoanzishwa na mwingine. Kiswahili cha Bunge kimeueleza kwa usahihi mpaka uliowekwa na Katiba.

4. Sarufi ya kupunguza: maana ya kushika shilingi

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Ibara ya 64 inaweka mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo ya Muungano na ya Tanzania Bara mikononi mwa Bunge, na ibara ya 138 inazuia kodi yoyote kutozwa pasipo sheria. Fedha za Serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, wala hazitoki humo ila kwa idhini ya sheria. Mpaka hapo mamlaka ya Bunge yanaonekana kuwa kamili.

Ibara ya 99 inabadilisha sura ya jambo. Ibara hiyo inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza au kubadilisha kodi, au la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu, isipokuwa pendekezo hilo limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Linaloruhusiwa pasipo pendekezo la Rais ni kupunguza. Mbunge anaweza kudai kodi au matumizi yapungue. Hawezi, kwa hoja yake mwenyewe, kuyaongeza. Utaratibu huu umerithiwa kutoka Uingereza, ambako kwa karne nyingi imekubaliwa kwamba mfalme ndiye anayeomba fedha na Bunge ndilo linalotoa au kunyima.

Kutokana na kizuizi hicho imezaliwa lugha ya pekee. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu la wizara, kifungu kwa kifungu, mbunge asiyeridhika hutangaza kwamba anashika shilingi, au anaondoa shilingi, katika mshahara wa Waziri. Mgeni wa lugha hii hudhani ni mzaha, kwa kuwa shilingi moja haiwezi kununua hata kiberiti. Lakini shilingi hiyo ni alama. Kwa sababu Katiba inaruhusu kupunguza tu, mbunge anayetaka barabara yake iongezewe fedha hana budi kuyavaa matakwa hayo vazi la kupunguza. Hutoa hoja ya kupunguza kiasi kidogo kuliko vyote, mahali panapomgusa Waziri mwenyewe, ili alazimike kusimama na kueleza. Maelezo yakitosha, mbunge husema anarudisha shilingi. Yasipotosha, hoja hujadiliwa na kupigiwa kura.

Kwa mtazamo wa isimu-matumizi, hapa tuna tendo-usemi ambalo maana yake ya nje ni kinyume cha kusudi lake. Maneno yanapunguza, kusudi ni kuongeza. Hali kadhalika, mbunge huweza kuikosoa bajeti kwa dakika zote alizopewa, kisha akamaliza kwa kusema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Anayesikiliza redio huko Kasanga huweza kushangaa. Hakuna cha kushangaza. Ukosoaji ule ndio ujumbe, na maneno ya kuunga mkono ni ada ya kuvukia. Nyuma ya ada hiyo kuna ibara ya 90, ambayo miongoni mwa sababu zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge inataja Bunge kukataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anapoitwa jina lake katika kura ya wazi ya bajeti, huijibu hoja ya Waziri na wakati huohuo hujibu swali la iwapo Bunge zima litarudi kwa wapiga kura.

5. Bunge lilipokataa

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sarufi hiyo haijawahi kuvunjwa. Mwaka 1973, katika enzi ya chama kimoja, Bunge liliukataa Muswada wa Kodi ya Mapato ulioletwa na Serikali. Rais alikutana na wabunge, muswada ukarudishwa, na safari hiyo ukapita. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, Katiba ilirekebishwa ili kutamka ukuu wa chama juu ya vyombo vyote vya dola. Msemo wa chama kushika hatamu, uliotawala siasa za miaka iliyofuata, unafaa kulinganishwa na ule wa kushika shilingi. Anayeshika hatamu huongoza mnyama mzima. Anayeshika shilingi humchelewesha mpanda farasi kwa kitambo kidogo.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, Bunge lilianza tena kupanua eneo lake. Tukio kubwa zaidi lilikuwa la mwezi Februari 2008. Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Aliyechukua nafasi yake ni Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, jimbo lililokuwa wakati huo ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa uliozoea kuitwa wa pembezoni ukapata Waziri Mkuu kutokana na maneno ya kamati ya Bunge.

Mwezi Julai 2011 wabunge waliikataa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kama ilivyoletwa, na Serikali ikaomba kuiondoa ili ikaitengeneze upya. Mwaka 2013 iliundwa Kamati ya Bunge ya Bajeti, na kalenda ikabadilishwa ili mjadala uishe kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Hapo awali Serikali iliweza kuanza kutumia fedha huku mjadala ukiendelea hadi Agosti. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Bajeti. Katika mabadiliko haya yote ibara ya 99 haikuguswa. Kilichobadilika ni wakati na mahali pa kuzungumza: mbunge alipata nafasi ya kushauri mapema, ndani ya kamati, kabla namba hazijaganda kitabuni.

6. Sentensi ya Washington na barabara ya Tunduma

Siku 10 baada ya Lowassa kujiuzulu, tarehe 17 Februari 2008, Rais George W. Bush alikuwa Dar es Salaam akitia saini pamoja na Rais Jakaya Kikwete mkataba wa dola za Marekani milioni 698 kutoka Shirika la Changamoto za Milenia, linalojulikana kwa herufi MCC. Miongoni mwa kazi za mkataba huo ilikuwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga. Ili kuelewa fedha hizo zilitoka wapi, ni lazima kuangalia bunge la aina nyingine.

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inasema, kwa maana yake, kwamba hakuna fedha itakayotolewa Hazina ila kwa idhini iliyowekwa na sheria. Hapo inafanana na yetu. Lakini Katiba hiyo haina kitu kama ibara ya 99. Rais wa Marekani hupeleka mapendekezo ya bajeti, na Kongresi yaweza kuyaweka kando na kuandika yake. Miswada ya kodi ni lazima ianzie katika Baraza la Wawakilishi. Seneti huweza kuirekebisha. Mjumbe mmoja anaweza kuingiza katika muswada kiasi maalumu cha fedha kwa ajili ya daraja moja la mji wake. Desturi hiyo ilisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu ya matumizi yake mabaya, kisha ikarudishwa mwaka 2021 kwa masharti ya uwazi. Mbunge wa Tanzania anayetamani kitu cha namna hiyo amepewa njia nyembamba zaidi, yaani mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kiasi chake hupangwa katika bajeti ya Serikali.

Tofauti nyingine ni kwamba desturi ya Kongresi huligawa jambo moja katika sheria mbili. Sheria ya kwanza huanzisha shughuli na kuweka masharti yake. Sheria ya pili, inayorudiwa kila mwaka, huitolea shughuli hiyo fedha. Ya kwanza bila ya pili ni sufuria bila unga. MCC iliundwa kwa sheria ya aina ya kwanza mwezi Januari 2004, ikiwa na masharti kwamba nchi itakayosaidiwa ipimwe kwa utawala wake, kwa uwekezaji wake katika afya na elimu, na kwa uhuru wa uchumi wake. Fedha zenyewe ziliendelea kuombwa na kuidhinishwa mwaka hadi mwaka. Masharti hayo yalikuwa na meno: tarehe 28 Machi 2016 bodi ya MCC ilisimamisha mkataba wa pili, uliotazamiwa kuwa wa dola milioni 472, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Barabara ya Tunduma ilikuwa salama, kwa kuwa mkataba wa kwanza ulikwisha kufungwa Septemba 2013. Lakini funzo lilikuwa bayana. Sentensi iliyotungwa na watu ambao Ufipa haikuwachagua iliweza kuleta lami, na sentensi nyingine ya sheria ileile iliweza kuizuia.

Wala Kongresi yenyewe haina uhakika kwamba neno lake litatendwa. Baada ya Rais Richard Nixon kuzuia fedha nyingi zilizokwisha kuidhinishwa, Kongresi ilitunga mwaka 1974 sheria ya kumbana rais asishikilie fedha pasipo ridhaa yake. Ugomvi huo ulifufuka mwaka 2025, utawala wa Rais Donald Trump ulipozuia sehemu kubwa ya misaada ya nje na shirika la misaada la USAID likafungwa. Mwezi Julai mwaka huo Kongresi, kwa kura chache za ziada, ilipitisha sheria ya kufuta takriban dola bilioni 9 zilizokuwa zimeidhinishwa, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Kwa hiyo hata katika bunge linalosifiwa kwa kushika mfuko, umbali kati ya kuandika na kutoa ni mrefu.

7. Kutengwa, kutolewa na kutumika: barabara ya Kasanga

Umbali huo ndio unaoturudisha Kasanga. Barabara ya Sumbawanga hadi bandarini iliingia katika hotuba za bajeti za wizara inayohusika na ujenzi, na ikabaki humo mwaka baada ya mwaka, ikigharamiwa na Serikali ya Tanzania yenyewe. Umuhimu wake haukuwa na ubishi. Kasanga ndiyo bandari ya mwisho ya Tanzania kusini kabla ya Mpulungu, Zambia. Saruji na mahindi huvushwa hapo kwenda mashariki ya Kongo. Hata hivyo, tangu kazi ianze hadi lami kufika ziwani ulipita takriban muongo mmoja.

Katika muda huo vitenzi vinne vilitumika kuielezea, navyo vinapaswa kutofautishwa kwa makini. Fedha huidhinishwa na Bunge kwa sheria. Hutengwa kwa kuandikwa katika fungu na kasma. Hutolewa na Hazina zinapokuwepo, kwa sababu tangu mwaka 1996 Serikali ilifuata utaratibu wa kutumia kulingana na makusanyo. Mwishowe hutumika, mkandarasi anapolipwa kwa kazi iliyopimwa. Kila kitenzi kina mtenda wake: Bunge, Wizara, Hazina, na msimamizi wa mradi. Tatizo ni kwamba katika majibu ya Serikali Bungeni vitenzi hivi huja katika kauli ya kutendwa: fedha zimetengwa, kazi inaendelea, fedha zitatolewa kadiri zitakavyopatikana. Kauli ya kutendwa ni pambo halali la Kiswahili, nayo ina kazi zake. Lakini ikitumika pasipo mtenda na pasipo tarehe, inamwondolea msikilizaji mtu wa kumuuliza. Mwananchi wa Matai anayesikia kwamba fedha zimetengwa huelewa, kwa mujibu wa fungu la sokoni, kwamba kiasi hicho kipo mahali kikimsubiri. Kwa lugha ya Hazina, kutengwa ni ahadi iliyopewa namba.

Jambo hili lina mwisho wake wa kisheria. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ahakikishe kwamba fedha zimetumika kwa shughuli zilizoidhinishwa, na taarifa yake huwasilishwa Bungeni. Humo ndimo vitenzi vinne hulinganishwa, na pengo kati ya kilichoidhinishwa na kilichotolewa huonekana. Taarifa hiyo ingekuwa silaha kubwa mikononi mwa wapiga kura, laiti lugha yake ingewafikia.

8. Mjadala wa Kiswahili, sheria ya Kiingereza

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Ibara ya 67 inamruhusu kugombea ubunge raia anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Neno au katika ibara hiyo ni zito: linamfungulia mlango mtu mwenye Kiswahili peke yake. Lakini kwa muda mrefu baada ya mlango huo kufunguliwa, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Waziri alisoma hotuba ya bajeti kwa Kiswahili. Vitabu vya makadirio viliandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa Kiswahili. Na sheria iliyohitimisha mjadala, ile ya kuidhinisha matumizi na ile ya fedha inayobadilisha kodi, ilichapishwa kwa Kiingereza. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu lugha zote mbili, lakini iliposhukiwa maana ya neno, lugha ambayo sheria ilitungwa kwayo ndiyo iliyotawala. Kwa kuwa lugha hiyo kwa kawaida ilikuwa Kiingereza, maneno yote ya Kiswahili yaliyosemwa Bungeni yalikuwa kama mazungumzo ya barazani: yana uzito wa kijamii, hayana uzito wa mwisho.

Hali hiyo ilimweka mbunge katika nafasi ngumu. Aliweza kushika shilingi kwa ufasaha mkubwa, na bado akapiga kura juu ya maandishi ambayo hakuyaelewa vyema. Wanaotetea utaratibu ule walisema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halikubaliani na historia iliyoelezwa hapo juu. Fungu, kasma, muswada, makadirio, Mfuko Mkuu wa Hazina, kuondoa shilingi: istilahi hizi zilikuwa zikifanya kazi Bungeni miongo mingi. Lugha iliyoweza kueleza tofauti kati ya kuongeza na kujifanya kupunguza haiwezi kushindwa na jedwali la ushuru.

Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kuagiza kitumike pia katika utoaji haki, huku Kiingereza kikibakizwa pale panapohitajika. Hayo yalikuwa matumizi makubwa ya mamlaka ya kutunga sheria, ingawa hayakugharimu barabara hata moja. Lakini kugeuza maandishi ni nusu ya kazi. Sheria iliyotafsiriwa neno kwa neno huweza kuwa Kiswahili kwa sura na Kiingereza kwa muundo, na mkulima wa Laela akabaki palepale alipokuwa. Kazi inayowangoja wataalamu wa lugha ni kuhakikisha kwamba vitenzi vinne vya fedha vina maana moja katika hotuba, katika kitabu cha makadirio, katika sheria na katika taarifa ya mkaguzi.

9. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba mabunge mawili yaliyofika Ufipa kwa lami yanafanya kazi kwa sarufi tofauti. Kongresi ya Marekani inaweza kuanzisha, kuongeza na kuambatanisha masharti, na bado hugombana na rais kuhusu kutendwa kwa neno lake. Bunge la Tanzania limeruhusiwa kupunguza tu, nalo limeigeuza ruhusa hiyo finyu kuwa sanaa ya kudai. Hakuna sababu ya kuionea haya sanaa hiyo. Hata hivyo, kudai kwa fumbo kunamfaa zaidi anayelijua fumbo.

Mkazi wa Kasanga hahitaji kuwa mwanasheria. Anahitaji kuambiwa, kwa Kiswahili chenye mtenda, kiasi na tarehe, ni nani aliyeahidi nini katika fungu lipi, na ni kiasi gani kilichokwisha kutoka. Sentensi za namna hiyo zinaweza kuandikwa. Wenye jukumu la kuziandika ni Serikali na Bunge. Wenye jukumu la kuonyesha kwamba zinawezekana ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ambao hadi leo wameyashughulikia zaidi mashairi kuliko makadirio ya matumizi. Vitabu vya bajeti na Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge ni hazina ya data ambayo vyuo vyetu vimeigusa kidogo, na hapana tasnifu ya Kiswahili itakayopungukiwa heshima kwa kuanzia humo.